Utaipanda wapi?

"Utaipanda wapi hiyo yote?"

Alisema hivyo shemeji, Jumatatu, mguu mmoja ndani ya ua na mwingine bado njiani. Mimi nimechuchumaa kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche yangu ya paini, na kopo langu la mafuta nililolitoboa matundu. Nikamjibu, "Tutaona, shemeji." Akasema, "Haya," akaenda zake.

Leo Ijumaa bado ninaisikia. Dada kajifungua salama kule Mbale, barabara ya kwenda Suam imezibwa na tope siku nzima, mwanangu mkubwa kafunga shule. Mimi nimebaki na "wapi".

Habari ya lile shamba mnaijua, tangu tumalize matanga bado haijasemwa ni la nani, sirudii. Mahindi hakuna anayenikataza, yanavunwa na kwisha. Lakini paini (vitabuni ni misonobari, huku hakuna anayesema hivyo) inasimama miaka kama 20, na aliyeipanda haondoki kirahisi. Shemeji analijua hilo kuliko mimi.

Au aliuliza tu? Mbona basi akasema "hiyo yote"? Usiku nikapiga hesabu. Miche 62, kila mmoja mita 3 kwa 3, jumla mita za mraba 558. Ekari nzima inakula miche 450 hivi, kwa hiyo yangu haifiki hata robo. Ningemwambia hivyo palepale! Badala yake, "tutaona", kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Nimeandika hadi hapo asubuhi, nikatoka kumwagilia.

Mnakumbuka ile miche iliyodumaa, ya njano, nikadhani nimeikosea maji? Mzee wa kanisani ndiye aliyeniambia nichote udongo chini ya paini kuukuu za pale uani kwao, ule wenye nyuzi nyeupe za ukungu, nichanganye kwenye viriba. Bila ukungu huo, alisema, mizizi ya paini inakaa na njaa kwenye udongo mzuri. Imepita miezi miwili. Leo nimechana kiriba kimoja, nikasuuza mizizi kwenye bakuli polepole. Vijizizi vifupi vimegawanyika ncha mbili mbili kama panda ya manati, vimevaa utando mweupe. Na juu, sindano mpya ni kijani kweli, si ile rangi ya maziwa ya mgando. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Mche wenyewe nimeurudisha kwenye kiriba kingine, nikauwekea kivuli cha majani ya mgomba. Sitamwagilia sana, mvua ya kwanza iliniozeshea miche 11 shingoni, pale shina linapoingia udongoni.

Bado sijui wapi. Jumapili shemeji atakuja kula, nitampeleka kuiona, nimsikie atauliza nini.

Ila kitinda mimba anakohoa tangu juzi, kikohozi kikavu, kinaanza taa ikizimwa. Asubuhi nampeleka kituo cha afya kabla foleni haijawa ndefu. Hicho tena, amekohoa.