Pensheni ya Uingereza ukihamia Afrika Mashariki: hesabu za kufanya kabla ya tiketi

Mtu aliyefanya kazi Leicester au London kwa miaka thelathini na kitu, akikaribia kustaafu, huuliza: nikirudi Mombasa, au nikienda kukaa Zanzibar huku nikizunguka dunia kidogo kidogo, pensheni yangu ya serikali itanifuata? Itakufuata. Hailipwi kwa sababu ya uraia, inalipwa kwa sababu ya michango yako ya Bima ya Taifa (National Insurance), kwa hiyo hata mwenye paspoti ya Kenya au Tanzania hulipwa popote alipo. Swali ambalo wengi hawaliulizi ndilo linalowaumiza baadaye: je, itaongezeka?

Kila Aprili serikali ya Uingereza hupandisha pensheni. Nyongeza hiyo hupewa anayeishi Uingereza, nchi za Ulaya zilizo kwenye makubaliano, Uswisi, na nchi chache zenye mkataba unaoruhusu jambo hilo, zikiwemo Marekani, Uturuki, Jamaika, Ufilipino na Mauritius. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Hata Kanada na New Zealand hazimo. Ukihamia nchi isiyomo, pensheni yako huganda palepale ilipokuwa siku ulipohama, au ukianza kudai ukiwa tayari uko huko, huganda kwenye kiwango cha kwanza ulichopewa. Haisogei tena mpaka ufe au uhame.

Tazama kwa namba. Pensheni mpya kamili ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 230.25. Aliyestaafu 2016 akaenda Kisumu mwaka uleule bado anapokea 155.65. Mwenzake aliyekwenda Port Louis, Mauritius, siku ileile alikuwa akipokea 230.25 mwaka huo wa 2025/26. Tofauti ilikuwa pauni 74.60 kwa wiki, yaani karibu pauni 3,880 kwa mwaka, na inapanuka kila Aprili. Huku unga, umeme na hospitali vinapanda bei kila uchao. Kwa hiyo usipige hesabu ya uzeeni kwa kiasi cha mwezi wa kwanza. Chukua kiasi hicho, kiache bila nyongeza kwa miaka ishirini, kisha jiulize kama kodi ya nyumba na bima ya afya vitatoshelezwa nacho. Kama havitoshi, akiba au pensheni ya kazini ndiyo izibe pengo, na akiba hiyo itafutwe kabla ya kuacha kazi.

Pensheni iliyoganda hurudi kwenye kiwango cha sasa ukirudi kuishi Uingereza kikweli. Ndiyo maana wapo wanaoshawishika kuacha anwani ya mtoto wao wa Birmingham kwenye faili huku wenyewe wako Malindi. Tafadhali usifanye hivyo. Kuficha mahali unapoishi ni kosa, pesa zilizozidi hudaiwa zirudishwe, na deni la namna hiyo likimfika mtu wa miaka 78 humvuruga yeye na familia nzima.

Kabla hujafunga masanduku, angalia rekodi yako ya michango kwenye tovuti ya serikali. Pensheni kamili inahitaji miaka 35, na chini ya miaka 10 hupati kitu. Ukiona mwaka una pengo, kwa kawaida unaruhusiwa kulipia miaka 6 iliyopita. Kwa 2025/26 mchango wa hiari wa daraja la 3 ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, kama pauni 923 kwa mwaka mzima. Mwaka mmoja huongeza sehemu moja ya 35 ya pensheni, kama pauni 6.58 kwa wiki kwa kiwango cha mwaka huo, hivyo pesa yako hurudi kabla ya miaka mitatu kwisha. Ila piga simu kwanza idara ya pensheni uulize kama mwaka huo utakuongezea chochote. Waliofanya kazi kabla ya 2016 kwenye mashirika yenye mfuko wake wakati mwingine hulipa mwaka usiowaongezea hata senti.

Umri wa kuanza kulipwa unapanda kutoka miaka 66 kuelekea 67 kati ya 2026 na 2028. Ukiwa nje, unadai kupitia kituo cha pensheni cha kimataifa, na unaruhusiwa kuanza miezi minne kabla ya kufikia umri wako. Utachagua kulipwa kila wiki 4 au kila wiki 13. Anayestahili chini ya pauni 5 kwa wiki hulipwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi Desemba. Ukitaka ziingie benki ya Nairobi au Dar es Salaam, zitafika kwa shilingi, na kiasi kitapanda na kushuka na bei ya fedha za kigeni. Ukitaka ziingie akaunti ya Uingereza, waulize benki yako kwa maandishi kama inamhudumia mteja anayeishi Afrika Mashariki, maana zipo zinazofunga akaunti mara zinapojulishwa anwani mpya. Maandishi hayo yapate ungali huko, wakati bado una uwezo wa kuingia tawini kwa miguu yako.

Sasa cheti cha uhai, kitu kinachosimamisha malipo ya watu wengi wasio na kosa lolote. Wastaafu wa kwetu wanaujua mtindo huu kama uhakiki: unathibitisha kwamba bado uko hai. Fomu hutumwa kwa posta, unaijaza, shahidi anatia saini, na inatakiwa irudi ndani ya wiki 16, la sivyo malipo husimamishwa. Wiki 16 zinasikika nyingi. Lakini barua imetoka Uingereza, imeingia kwenye S.L.P. ya ofisi aliyofanyia kazi shemeji yako, shemeji amehamishiwa Nakuru, na wewe umekwenda Muscat kwa mwanao miezi miwili. Ukija kuiona, muda umekwisha.

Kodi sanduku la posta kwa jina lako mwenyewe, hata kama ni gharama ndogo ya kila mwaka inayokera. Mpe mtu mmoja unayemwamini ufunguo na umwambie barua hiyo inafananaje. Shahidi awe mtu mwenye hadhi katika jamii, kama daktari, wakili au mwalimu. Anaweza kuwa anaishi hapahapa, na wala hahitaji paspoti ya Uingereza. Usimpe ndugu. Akimaliza, piga picha kila ukurasa, tuma kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na hifadhi risiti. Malipo yakikatika, namba hiyo ndiyo jambo la kwanza utakalolitaja kwenye simu.

Kuhusu haki ya kurudi, Mkenya na Mtanzania hawako sawa. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Mkenya mwenye paspoti ya Uingereza anaingia na kutoka bila wasiwasi. Tanzania hairuhusu: mtu mzima akichukua uraia mwingine, wa Tanzania unapotea. Mtanzania aliyebaki na kibali cha ukaaji wa kudumu cha Uingereza ajue kwamba kibali hicho hufa akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kikifa, njia ya kurudi, na pamoja nayo njia ya kuyeyusha pensheni iliyoganda, huanza upya kwa maombi ya visa. Na aliyeuacha uraia wa Tanzania huenda akahitaji kibali cha ukaaji nyumbani kwao. Wastaafu wamo katika daraja C la vibali hivyo. Suala la ardhi kwa asiye raia ni zito zaidi, nenda kwa wakili kabla ya kulipa hata malipo ya awali. Si kwa dalali.

Afya ndiyo inayokula pesa. NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, ni ya wakazi, na ukishahama kabisa huna tena haki ya moja kwa moja ya kutibiwa bure, hata kama umechangia maisha yako yote. Kenya ilianza mfumo mpya wa Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 2024. Jisajili mara unapofika, lakini usiutegemee peke yake kwa upasuaji mkubwa. Bima binafsi nyingi zina kikomo cha umri wa kujiunga, na presha au sukari uliyokuwa nayo tayari huwekewa muda wa kusubiri. Anayesubiri mpaka miaka 70 ndipo aombe hukuta milango mingi imefungwa. Omba mapema, na usikatishe hata mwezi mmoja.

Dawa nazo zina taratibu zake. Ukiondoka kwa zaidi ya miezi 3, daktari wako wa Uingereza halazimiki kukupa akiba kubwa kuliko ya kukufikisha huko na kupata nyingine. Andika jina halisi la dawa, amlodipine au metformin, pamoja na miligramu, kwa sababu jina la kwenye boksi hubadilika nchi kwa nchi. Dawa za maumivu zenye codeine au tramadol zinahitaji idhini ya mapema ukiingia Falme za Kiarabu, hata kama ni zako na zina karatasi ya daktari.

Kwa wanaotaka kusafiri wakiwa tayari wamehamia, kosa la kawaida ni kuendelea kulipia bima ya safari ya mwaka iliyonunuliwa Uingereza. Nyingi humtaka mwenye bima awe mkazi wa Uingereza, na kila safari ina kikomo, mara nyingi siku 31. Mtu anavunjika nyonga Lisbon, anakuta hana bima. Nunua ya nchi unayoishi sasa. Ulaya, mwenye paspoti ya Uingereza ana siku 90 ndani ya kila siku 180, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwepo. Zihesabu kwenye kalenda, usikisie.

Ukitoka Kenya kwenda Tanzania utaulizwa cheti cha homa ya manjano. Cheti hudumu maisha yote tangu Julai 2016, na huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Lakini chanjo hiyo ni ya kirusi hai, na kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechoma kwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa huwa juu zaidi. Zungumza na daktari kwanza. Akiona haikufai, atakuandikia barua ya msamaha. Zanzibar nayo tangu Oktoba 2024 inawatoza wageni dola 44 kwa bima ya lazima ya siku 92, hata kama una bima nyingine mfukoni.

Kodi ya mapato haichukui nafasi kubwa: jaza fomu P85, ya kuijulisha ofisi ya kodi ya Uingereza kwamba unahama, unapoondoka, na pata ushauri kama una nyumba unayoipangisha Uingereza.

Mwisho ni wasia. Wanaohamia huandika wasia mpya kwa wakili wa huku kwa ajili ya kiwanja na nyumba, na karatasi nyingi za kawaida huanza na sentensi ya kufuta wasia zote zilizotangulia. Sentensi hiyo moja inafuta na ule wa Uingereza uliogawa nyumba na akiba, na watoto hubaki mahakamani katika nchi mbili. Mwambie wakili aandike kwamba wasia huu unahusu mali iliyoko Kenya pekee, akusomee kwa sauti kabla ya saini, na nakala ya kila mmoja iwe kwa mtoto yuleyule.