Usiku wa Tatu

Nilipoamua kuacha sigara, baada ya kuvuta kwa miaka 14, nilikuwa nimeachishwa kazi wiki mbili tu kabla, na mama alikuwa amelazwa hospitalini, mapafu yakimsumbua. Ndugu walinishauri ningoje kwanza mambo yatulie, lakini niliona kwamba nikingoja utulivu nitavuta mpaka naingia kaburini.

Usiku wa tatu ndio ninaoukumbuka zaidi. Nikotini huisha mwilini kwa siku chache tu, na arosto huwa kali hasa katika siku hizo za mwanzo. Nilitoka wodini nikaketi kwenye benchi la nje, viganja vikinitoka jasho, nikatia mkono katika mfuko wa koti kutafuta leso. Vidole vikagusa sigara moja iliyopinda, karatasi yake imechanika karibu na kichungi, na tumbaku ikanimwagikia kwenye kucha. Nikainusa. Mate yakanijaa kinywani, nikaanza kujiambia kwamba mtu asiye na kazi, tena anayeuguza mzazi, hastahili kunyimwa hata faraja hiyo ndogo.

Asubuhi ya siku hiyo muuguzi mmoja alikuwa ameniambia kwamba hamu ya sigara, hata iwe kali namna gani, hupanda kisha ikashuka kwa dakika chache, uvute usivute. Basi nikaivua saa ya mkononi, nikaiweka gotini kando ya ile sigara, nikaukazia macho mshale wa sekunde. Dakika ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Katika ya pili nililia, na nadhani kilio kile kilikuwa cha mama na cha kodi ya nyumba kuliko cha sigara. Ilipotimia ya sita nilijikuta nautazama mlango wa wodi, nikiwaza kama mama ameshageuzwa ubavu.

Sikuwa nimepata kazi, wala homa ya mama haikuwa imeshuka. Nilichokuwa nacho ni dakika zile sita, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze niliamini kwamba nitaiona kesho nikiwa mzima. Niliivunjavunja sigara ile nikaitupa kwenye pipa, nikanawa mara mbili, nikarudi ndani.

Mama alifumbua macho, akaushika mkono wangu na kuusogeza puani.

“Unanukia sabuni, mwanangu,” akasema, kisha akaulalia.