Kansanga si Italia

Kila wiki lazima kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp atakayetuma orodha ya deki iliyoshinda Italia, halafu aulize nani ana kadi zake. Tunacheza Pauper, ule mtindo wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering unaoruhusu kadi za daraja la chini tu, zile zinazopatikana kwa wingi. Deki, yaani fungu lako la kadi, ni kadi 60 au zaidi, zisizidi nne za jina moja isipokuwa ardhi za msingi, zile zinazotoa mana ya kulipia kadi nyingine, na benchi la kadi 15 za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza. Waitaliano na Wabrazili wanaupenda mtindo huu mno, na orodha zao ni nzuri kweli. Shida ni moja: zimepangwa kumfunga Mwitaliano.

Hapa Kansanga, mtaa wa Kampala, tuko wanane, Jumamosi mchana, kwenye meza za plastiki za mama mmoja muuza chakula karibu na Ggaba Road. Wengi ni wanafunzi: Wakenya wa Pwani, kijana wa Bukoba, Mkongo wa Bunia. Mimi ni mtoto wa Bombo, nauza vifaa vya umeme, nao wananiita mzee ingawa arobaini sijaifikisha. Kadi zetu nyingi zilitoka kwenye sanduku moja alilokuja nalo shemeji wa mmoja wetu kutoka Dubai, na kwa kuwa kadi za Magic huwa na rangi, humo nyekundu na kijani zilikuwa tele. Za buluu? Counterspell, kadi za kuzuia kadi ya mpinzani, zote za Kansanga anazo yule wa Malindi, na hakopeshi hata umwekee simu rehani.

Basi itazame deki nyekundu ya Italia. Benchi lake lina Pyroblast nne, kwa kuwa kule buluu haikosekani. Pyroblast hufuta kadi ya buluu kwa mana moja tu, lakini mbele ya mtu asiye na buluu ni karatasi. Kwetu zingekaa zikimsubiri mtu mmoja, na Jumamosi nyingine ana mtihani, haji. Nikazitoa, nikaweka Electrickery na Fiery Cannonade, zinazopiga viumbe vingi kwa pamoja, maana kila nikigeuka nakutana na Elves, deki ya kijani ya viumbe wadogo wengi.

Zililipa haraka. Mkongo alikuwa ameshajaza meza, Priest of Titania anamtolea mana kwa kila Elf aliyepo, zamu ijayo nilikuwa marehemu. Nikalipa mana tatu, Electrickery ikampiga kila kiumbe wake pigo moja, na Elves wake wote wakati ule walikuwa na uhai wa moja moja. Zikabaki ardhi zake tu. Alizitazama, akaagiza rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, akala yote bila kunisemesha.

Wiki zilizofuata akaja na deki ya Bogles. Slippery Bogle ni kiumbe kidogo ambacho mpinzani haruhusiwi kukilenga; ukikivisha Armadillo Cloak, kila pigo linalotoka kwake linarudi kama uhai kwa mwenyewe. Lightning Bolt zangu za pointi tatu tatu zikawa kutwanga maji kwenye kinu. Hapo ndipo lilipotokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika mchezo huu. Kijana wa Bukoba alikuwa anaburuta mkia na deki yake nyeusi yenye Chainer's Edict, kadi inayomlazimisha mpinzani atoe kiumbe chake mwenyewe kafara. Mwenye Elves humtoa yule mnyonge kabisa, anaendelea na mambo yake. Mwenye Bogles anacho kimoja tu, kile kile alichokivisha kila kitu. Bukoba akaanza kushinda bila kubadilisha hata kadi moja. Tuliobadilika ni sisi.

Wakubwa nao wako hivyo hivyo. Kwenye Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi, Japani na Marekani zina orodha tofauti za kadi zilizopigwa marufuku. Kadi ya Maxx "C" ilifungiwa Marekani na Ulaya huku Wajapani wakiendelea kuitumia kwa miaka. Deki ya huko yenye kadi kama hiyo ukiihamisha kama ilivyo, hata kuisajili huwezi.

Kuna anayesema twende Nasser Road, mtaa wa wachapishaji, tuchapishe nakala za kila kadi, yaishe. Kwa mazoezi sina neno. Ila kila mtu akiwa na kila kadi tutaishia kucheza Italia ndogo, na mimi raha yangu ni kujua kwamba Malindi akifungwa mara mbili mfululizo atabadilisha deki kwa hasira, na kuwahi kulipanga benchi langu kabla hajafika.

Mwezi ujao nina safari ya Nairobi. Huko wenye buluu ni wengi, niliwaona mara ya mwisho. Pyroblast nne ziko kwenye droo ya dukani, chini ya risiti. Zitapanda basi nami, Electrickery ibaki Kampala na Mkongo apumue.