Kuvuta kamba: mshale umeacha kuruka mara mbili

Hatimaye! Kila jozi sasa ikivuta, mshale wa mzani unapanda mara moja na kutulia. Timu hii ya bonanza la ofisi ina miili ya kutosha. Kilichoshindikana muda wote ni nguvu kufika pamoja: mshale ulikuwa unaruka, unashuka, unaruka tena, yaani mmoja anamaliza ndipo mwenzake anaanza.

Kipimo: kamba kwenye shina la mwembe, katikati mzani wa kuning'iniza wa kilo 200, ule wa magunia. Wavute wawili tu, wanane watauharibu. Gunia lililoloweshwa linalazwa juu ya kamba karibu na mzani, ili kitu kikikatika kisimrukie mtu usoni.

Mfaransa Max Ringelmann aliandika mwaka 1913 kwamba watu 8 kwenye kamba moja hutoa karibu nusu tu ya jumla ya nguvu zao. Mwaka 1974 mtafiti Alan Ingham na wenzake wakawafunga watu macho, kila mmoja akavuta peke yake akidhani ana wenzake, na bado nguvu ikapungua. Kwa hiyo kuna kupishana, na kuna kutegea.

Kutegea dawa yake rahisi: kila mtu apimwe peke yake, kilo zake ziandikwe ubaoni. Kupishana ndiko kulikotesa. Bosi alikuwa anaita akiwa mbele, watu wanamtazama yeye, shingo juu, mgongo umepinda. Kwenye "moja, mbili, vuta" wengine waliondoka kwenye mbili. Sasa mwitaji anachuchumaa pembeni, usawa wa mtu wa nne, anatazama visigino. Miito ni miwili tu. "Kaza": mikono inanyooka, mwili unalala nyuma, kamba haina ulegevu. Sekunde tatu. Kisha "Ho!": kisigino kinarudi nyuma kidogo, miguu ndiyo inayosukuma, mikono inashikilia tu. Kuita ni kwa zamu, na bosi amepangwa wa tatu kwenye kamba. Kijana wa mafunzo kazini alianza kwa sauti ya "samahani wazee". Wito wa kuomba hauvuti kamba, akaambiwa afoke.

Kuhusu kamba: katani, basi. Kanuni za kimataifa zinataka mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5 na urefu usiopungua mita 33.5. Nailoni inanyumbuka, ikikatika inarudi kama fimbo. Taipei, Taiwan, 1997, kamba ilikatika watu wakivuta, wawili wakakatika mikono. Na asiviringe mtu kamba mkononi! Wa nyuma kabisa ndiye pekee anayeipitisha kwapani, mgongoni, hadi juu ya bega la pili, bila fundo.

Ratiba ilikuwa na zoezi la kujiangusha kinyumenyume ukidakwa na wenzako. Limewekwa kando, kwa sababu limezuka jingine: macho yamefungwa, hakuna mwitaji, wote wanaondoka pale wa nyuma anapolala na kamba ikakaza viganjani. Wawili wanaweza. Wanne bado, wa pili anawahi. Jaribio lijalo yeye ndiye atakaa nyuma.