Kukaa kwa rafiki Ujerumani: joto, maji, taka na Jumapili

Anayejiandaa kumtembelea rafiki Ujerumani huhangaikia viza kuliko kitu kingine, na ana haki. Viza ya matembezi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, haivuki siku 90 ndani ya siku 180, na bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Usipokuwa na fedha za kutosha kwenye akaunti, mwenyeji wako anaweza kusaini hati ya kubeba gharama zako. Hati hiyo si karatasi ya heshima tu: ukiugua nje ya bima, anayedaiwa ni yeye. Ukishafika mambo hayabadiliki sana, maana karibu kila utakachofanya ndani kitaangukia bili yake, mkataba wake wa pango au jirani yake wa chini.

Tuanze na begi. Nyama, hata iliyokaushwa, na vitu vya maziwa kama samli haviruhusiwi kuingia kutoka kwetu. Forodha wakivikuta wanavichukua. Samaki ni habari nyingine: unaruhusiwa kubeba hadi kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa wakavu wanapita, na kwa aliyekaa mbali miaka mingi hakuna zawadi inayowashinda. Nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani havihitaji cheti cha afya ya mimea. Embe na pilipili mbichi vinahitaji. Umeme wao ni volti 230, chaja ya kwenu itafanya kazi, ila plagi ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi zao. Nunua adapta kabla ya safari.

Sasa hita, hasa ukienda kati ya Oktoba na Aprili. Chini ya dirisha utakuta hita ya ukutani inayopitisha maji ya moto, yenye kishikio cha kuzungusha, namba 1 hadi 5. Wageni wengi wakisikia baridi wanazungusha hadi 5 wakidhani chumba kitapata joto haraka. Hakipati. Namba hizo hazipimi kasi, zinapima joto la mwisho: 3 ni kama nyuzi 20, na kila namba inaongeza au kupunguza nyuzi 4 hivi. Kwenye 3 na kwenye 5 chumba kinapanda kwa mwendo uleule, tofauti ni kwamba kwenye 5 hita haiachi mpaka nyuzi 28. Weka 3, vaa soksi na sweta, subiri.

Kosa kubwa zaidi ni dirisha. Madirisha yao yanafunguka kwa namna mbili: kishikio kikilala, dirisha linafunguka lote, kikielekea juu, linainama kidogo kwa ndani. Kuliacha limeinama kutwa nzima huku hita inawaka kunamtia mwenyeji hasara. Hewa baridi inashukia kwenye kishikio cha hita, nacho kinadhani chumba kizima ni baridi, kinafungulia maji ya moto bila kukoma. Wakati huohuo ukuta unaozunguka dirisha unapoa, mvuke wa kupikia, kuoga na kupumua unaganda pale kama umande, na baada ya wiki chache kuvu jeusi linaota. Kuvu likishaota, mwenye nyumba atamuuliza mpangaji anavyopitisha hewa. Njia yao ni hii: funga hita, fungua madirisha yote wazi kwa dakika 5 hadi 10, funga, washa tena hita. Rudia mara tatu au nne kwa siku, na kila umalizapo kuoga au kupika. Ukipika maharage au pilau, funika sufuria, washa feni ya juu ya jiko, na funga mlango wa jikoni, kwani king'ora cha moshi kwenye korido hakichagui moshi wa vitunguu na wa moto.

Bafuni, angalia sakafu kwanza. Nyingi hazina tundu la kutolea maji nje ya sehemu ya kuogea. Maji ya kopo yakimwagika chooni hayana pa kwenda, yanapenya hadi dari ya jirani. Tumia kopo dogo lenye mdomo mrefu, na weka kitambaa cha kufutia karibu. Maji ya bomba yananyweka bila kuchemsha.

Taka zinatenganishwa: karatasi pipa la bluu, vifungashio vya plastiki na makopo ya chakula pipa la njano, maganda na mabaki ya mimea pipa la kahawia, zinazobaki pipa jeusi au la kijivu. Rangi hutofautiana kidogo mji kwa mji, muulize mwenyeji. Maganda ya ndizi usiyaweke na mfuko wa plastiki. Chupa za maji na makopo ya soda usitupe wala usiponde, kwani nyingi zina amana, kwa kawaida senti 25, uliyolipa dukani. Mashine ya supamaketi inasoma alama iliyochapwa ubavuni. Chupa ikipondeka inakataliwa. Itakupa karatasi, ipeleke kaunta ulipwe.

Usafiri wa mjini hauna geti, kwa hiyo ni rahisi kupanda bila tiketi halali. Berlin, tiketi ya karatasi inagongwa muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda treni. Isiyogongwa huhesabiwa kama haipo, na faini ni yuro 60. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida.

Jumapili maduka yanafungwa, isipokuwa ya stesheni kubwa, vituo vya mafuta na baadhi ya maduka ya mikate, kwa hiyo mchele na mafuta vinunuliwe Jumamosi. Siku hiyo usipige msumari, usiwashe mashine ya kusafishia zulia, na chupa za glasi usizipeleke kwenye kontena la mtaani. Kila siku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, shusha sauti. Simu ya nyumbani ipigwe kwa sauti ya chini na dirisha limefungwa.