Nilivyopata wateja wa mwanzo wa tovuti hapa Dodoma

Wengi wanaoanza kutengeneza tovuti Dodoma hukimbilia wizara, maadamu Mji wa Serikali uko hapo Mtumba. Mimi niliziacha tangu mwanzo. Tovuti za taasisi za umma zinafuata miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Mtu mmoja mwenye laptopu atachoka kabla hajalipwa. Wateja wangu walitoka pembeni ya serikali: nyumba za wageni, na kampuni changa zinazowinda kazi za ujenzi, usafi na ugavi.

Nyumba za wageni zina msimu. Kwa kawaida Bunge la bajeti huanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Juni, na vyumba vya Area C, Area D na Kisasa hujaa vyenyewe. Ukimfuata mwenye lodge mwezi Mei hana shida na wewe. Mfuate Julai, Bunge limeshaahirishwa na funguo zimejaa ubaoni. Nenda kati ya saa nne na saa sita mchana, wageni wa jana wameshaondoka na wa leo hawajafika.

Pale mapokezi sianzi kwa kumuulizia bosi. Nauliza hivi: “Dada, habari za kazi? Mgeni akipotea njia anampigia nani?” Atacheka, atakwambia ni yeye, usiku kucha, anawaelekeza bodaboda. Hapo nafungua Google Maps kwenye simu yangu, tunatazama pamoja. Mara pini imekaa mtaa wa pili, mara namba ya simu ni ya mhudumu aliyeacha kazi zamani. Akishaona, mwenyewe atampigia bosi.

Kurekebisha pini sitozi hela, ila nafanya mwenye mali akiwepo na kwa Gmail yake. Google mara nyingi hudai video ya uthibitisho: irekodiwe mfululizo bila kukatwa, ionyeshe mtaa, kibao cha jina, kisha mtu akifungua sehemu ambayo mteja haingii, kama ofisi au stoo. Ukitumia akaunti yako, siku mkikosana maoni yote ya wageni yanabaki mikononi mwako, na habari hizo zitafika kwa wenye lodge wengine kabla yako.

Tovuti inafuata baada ya hapo, na haihitaji kuwa kubwa. Ukurasa mmoja wenye bei za vyumba, picha, ramani na kitufe cha WhatsApp unatosha. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/ kikifuatiwa na 255 na tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Ukiandika 07 kitufe kinaonekana kizima lakini hakimpati mtu. Picha ya simu inaweza kufika megabaiti 4; ipunguze ishuke chini ya kilobaiti 200, maana mgeni anafungua akiwa kwenye basi au treni kwa bando lake.

Njia iliyonilipa zaidi, hata hivyo, ni maduka ya mihuri na mabango ya mjini. Kampuni ikitoka kusajiliwa BRELA, mwenyewe anakwenda kuchonga muhuri na kuchapa karatasi zenye nembo, na fundi anamuuliza: barua pepe tuandike ipi? Swali hilo moja ndilo soko lenyewe. Nilipatana na mafundi hao kamisheni ya asilimia 10, nikiwalipa siku ileile mteja anapolipa. Ukichelewesha kamisheni, mteja anayefuata anapelekwa kwa mwingine. Wahasibu wanaowajazia watu ritani za TRA nao wanafaa, ingawa wao hutaka kwanza kuona kazi iliyokwisha.

Kampuni hizi changa usiziuzie tovuti kwanza. Ziuzie domeini ya .co.tz, yaani anwani yao ya mtandaoni, na barua pepe yenye jina la kampuni. Sajili domeini kwa jina la mteja, si lako, kisha weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua pepe imetoka kwake kweli. Bila hizo ankara zake zinaweza kuangukia kwenye spamu. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti kwa watumaji wote. Tovuti yenyewe hutengenezwa kutokana na ile profaili ya kampuni ya PDF ambayo tayari anayo, hivyo huhangaiki kumsubiri aandike maelezo. Kusubiri maelezo ndiko kunakoua kazi nyingi.

Utakutana na “mpwa wangu yuko UDOM, atanitengenezea bure.” Usibishane. Mwachie namba yako, kwa sababu mpwa akihitimu anaondoka na nywila.

Kuhusu malipo, nachukua nusu kabla ya kuanza na nusu kabla ya kuhamishia tovuti kwenye domeini yake. Ada ya mwaka ya domeini na hosti (seva inapokaa tovuti) naiandika kwenye mstari wake peke yake ndani ya ankara, na nakumbusha mwezi mmoja kabla haijaisha. Domeini ikifa, lawama ni zako hata kama hakulipa. Ukifanya kazi na kampuni, uliza mapema kama wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, na kumbuka kuwa wanaweza kukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya huduma. Dai cheti cha makato hayo siku hiyohiyo, kwani utakihitaji TRA.