Apdeti ya saa kumi na mbili asubuhi

Sijui nani aliwaambia madevelopa kwamba wakati mzuri wa kumwambia mtu aapdeti apu ni pale tu anapoifungua. Ukifikiria hata kidogo hiyo ndio saa mbaya kushinda zote, mtu amefungua apu juu ako na kitu anataka kufanya, na wewe unamsimamisha mlangoni na shida zako. Ni kama makanga akwambie ushuke usukume gari kabla hata hujakaa.

Mimi niko hapa Nakuru na apu inayonipa kazi zaidi ni ya kurekodi maziwa. Makarani wa chama cha ushirika wanasimama kando ya barabara huko upande wa Bahati na Subukia jua halijatoka vizuri, mkulima analeta mtungi, unawekwa kwa mizani, karani anaandika kilo kwa simu, next. Netiwaki ya huko ni ya kubahatisha kwa hivyo rekodi zinakaa tu kwa simu mpaka karani afike mahali inashika, hapo ndio zinaenda kwa seva. Sasa weka laini ya wakulima hapo, huyu anataka kurudi kwa ng'ombe, yule ako na watoto wa shule, dereva wa lori ameshaanza kupiga honi, halafu skrini yote inafunikwa na "Sasisha ili uendelee". Na karani ako na bando ya WhatsApp pekee. Atafanya nini? Atatoa kitabu na kalamu, na mtu akisharudi kwa kitabu kumtoa huko ni shughuli.

Kwa wale hawajui, Google walifungulia madevelopa wote hii maneno ya kuapdeti ndani ya apu mwaka wa 2019, kabla ya hapo ulikuwa unamtupa mtu Play Store na kuomba Mungu arudi. Inafanya kwa Android 5.0 kuenda juu na iko na njia mbili. Moja inafunika skrini nzima, mtu anangoja idaunilodi na ijiweke. Ingine inadaunilodi polepole huko nyuma mtu akiendelea na kazi yake, ikimaliza ni wewe unaamua saa ya kuiweka. Wengi wanadhani ile ya kwanza ni ya lazima, na si ya lazima. Mtu akibonyeza kurudi nyuma, unaletewa tu jibu kwamba amekataa, na kumfungia nje baada ya hapo ni uamuzi wako wewe uliyeandika kodi ya apu. Tusisingizie Google.

Lakini kile kinaniuma zaidi hata si bando, ni nafasi. Simu nyingi za hawa makarani ni zile za GB 16, sistemu imekula yake na zilizobaki zimejaa video za magrupu. Apdeti inaanza, inafika katikati, "Nafasi haitoshi". Karani anafanya kile hata mimi ningefanya, anaitoa apu ndio aiweke upya. Na ukitoa apu, Android inafagia kila kitu kilikuwa ndani yake, pamoja na kilo za asubuhi zenye hazikuwa zimefika kwa seva. Mwisho wa mwezi mkulima anakuja na kakaratasi kake akiuliza maziwa ya ile Jumanne yalienda wapi, na hakuna mtu ofisini atamshuku developa bana, anashukiwa karani.

Ndio maana kwangu kabla ya ujumbe wowote wa apdeti apu inajiuliza kwanza kama kuna rekodi hazijatumwa. Kama ziko, inyamaze. Zikishaenda zote, sana sana jioni, hapo ndio kanatokea kamstari chini ya skrini kanasema apdeti ni MB ngapi na inaleta nini, kwa maneno ya mtu wa maziwa, mfano "sasa utaona jumla ya mkulima ya mwezi mzima". Hiyo ya "maboresho na marekebisho ya hitilafu" hakuna mtu ataitolea bando yake. MB pia ziandike, juu mara nyingi Play huleta tu ile tofauti na si apu yote, na watu huogopa wakidhani ni kubwa. Akisema baadaye, mwache siku kadhaa. Play yenyewe inaweza kukwambia apdeti imekaa siku ngapi tangu simu ijue iko, na kila toleo unaweza kulipatia uzito wa kuonyesha lina haraka kiasi gani, kutoka 0 hadi 5, ila amua mapema juu ukishaliachilia huo uzito haubadiliki.

Na ikishadaunilodi usikimbilie kuiweka mtu akiwa anaandika kilo, apu itajizima na kuwaka tena mbele ya macho yake. Ukiiweka wakati apu iko nyuma, ameenda zake WhatsApp, inajiweka kimyakimya na hata hajui. Hii ni kitu ndogo lakini sioni watu wengi wakiifanya.

Siku ya kumfungia mtu nje iko, sikatai. Kama hesabu ya bei ni mbaya au kuna shimo la usalama, funga. Lakini hata hapo mwache kwanza atume zenye ziko kwa simu, na seva ikubali kusoma rekodi za toleo la zamani kwa muda, si ati umebadilisha kitu leo na kesho unamkatalia. iPhone sitaongea sana, Apple hawana kitu kama hii, unalinganisha toleo mwenyewe halafu unampeleka App Store, na sijaona karani na iPhone.

Halafu kuna wale Play haiwafikii kabisa. Mmoja aliwekewa apu na rafiki yake kwa Xender, ile ya kutumiana mafaili simu kwa simu, kwa hivyo Play inasema hiyo apu si yake. Mwingine simu ilifunguliwa na kijana wa duka kwa imeili ya duka, pasiwadi haijui. Hao hata uwapigie kelele aje hawawezi kuapdeti, na ukiwafungia nje umewafukuza kazi. Play Console, pale madevelopa husimamia apu zao, inakuruhusu kudaunilodi APK moja nzima, yaani faili ya kuweka apu, yenye saini ileile ya Play, ile alama Android huangalia kujua ni apu ileile, na ukiiweka juu ya ile ya zamani bila kuitoa rekodi zinabaki. Tumeiweka kwa memori kadi inakaa kwa droo ya ofisi ya chama, karani akija kuchukua pesa yake anaapdetiwa hapo hapo bila bando.